Sufuria Inatangulia

Katika miaka yote niliyomfahamu Mpishi sikumwona akitembea mbele ya mtu. Hata tukienda dukani tu, pale kona ya pili kutoka uani kwetu Bertrams, Johannesburg, yeye alikuwa nyuma, mikono mgongoni, anakuacha wewe uhangaike na magari. Ukigeuka kumngoja anakuambia, "Nenda, mwanangu, nakuona." Nilipohamia chumba kilicho jirani na chake mwaka 2015 nilidhani ni adabu ya kizamani. Baadaye nikadhani ni nyonga, maana nyonga yake ya kushoto ilimsumbua kweli. Yote mawili yalikuwamo, lakini sababu hasa ilikuwa korongo.

Niseme mapema kwamba mimi sipendi kutembea. Nimekulia Kariakoo, mahali ambapo mlima ni ngazi za ghorofa lifti ikiharibika. Nilikuja Johannesburg kuuza vitambaa Fordsburg, sikuja kupanda mawe. Haya ninayoyaeleza ni ushahidi wa mtu aliyeburuzwa.

Alikuwa amepika kwenye meli za mizigo kwa miaka mingi. Aliteremka vipi Durban na kupanda vipi mpaka huku juu, hilo sikuwahi kulipata lote, na sikulidai. Nilimkuta tayari ana jiko lake dogo nyuma ya duka moja Fordsburg, akiwauzia wafanyabiashara chakula cha mchana: wali, maharage, mchicha, na Ijumaa samaki. Waswahili wote walimwita Mpishi, Wakongo wakamwita Muzee Mupishi, watoto wa uani wakamwita Mkhulu kama Wazulu wanavyowaita babu zao. Aliitikia yote. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi zake za uhamiaji, na karatasi zake zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani, chini ya shati, siku zote.

Alikuwa na namna yake ya kuonja. Alidondosha mchuzi nyuma ya mkono, akaulamba, kisha akatazama pembeni kana kwamba kuna mtu amemwita. Hakukuuliza kamwe kama chakula ni kitamu. Alisubiri umalize, akatazama sahani. Sahani ikibaki na kitu hakusema neno, lakini kesho yake ungeona amepunguza au ameongeza, na wewe ndiye ungejisikia vibaya.

Methali hakuzipenda. Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu aliyekaa chumba cha mwisho pale uani, alikuwa na methali kwa kila jambo, na Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia, "Methali ni kiporo, mama. Kinaliwa, lakini usimpe mgeni." Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alijaa misemo ya kujitungia. "Chumvi inaongezwa, haipunguzwi," alisema, na alikuwa anazungumzia maneno ya mtu aliyekasirika. "Mguu una masikio," alituambia kwenye mawe, akimaanisha usikilize jiwe kabla ya kulipa uzito wako wote. Ukimwambia kwamba hizo nazo ni methali anakataa kabisa. Hizo, alisema, ni maelekezo.

Na baharia yule aliichukia bahari. Sitii chumvi. Kuogelea hakujua. Picha ya bahari kwenye kalenda ya duka la jirani aliigeuza ukutani, mwenye duka akairudisha, akaigeuza tena, ikawa mchezo wao wa kila mwezi. Binti yake, aliyezaliwa hapa hapa, alikuwa anafanya kazi Durban, na kila mara alipomwita baba yake akakae naye jibu lilikuwa moja: "Bahari nimeiona mbele yake na nyuma yake. Haina kitu." Binti alikuwa anakisikia Kiswahili vizuri lakini alijibu kwa Kizulu au Kiingereza. Hivyo waligombana kwa simu kwa lugha tatu, na sisi majirani tulifuata kama tamthilia ya redioni.

Lakini kuna kisiwa kimoja katika bahari hiyo anayoichukia ambacho hakuacha kukitaja. Injini ya meli yao iliharibika, ikafungwa gatini kwenye kisiwa cha Krete, huko Mediterania, kungoja kipuri. Mabaharia wanne walichoka kukaa, wakapanda basi la asubuhi kwenda milimani, maana waliambiwa kuna korongo ambalo watu wanatoka Ulaya nzima kuja kulitembea. Unaanzia juu kwenye misonobari na baridi, unashuka siku nzima, unatokea pwani. Mpishi alilieleza vizuri, na hapo ndipo alipokuwa mzungumzaji: ngazi za mbao mwanzoni, kijito kinachojificha chini ya mawe kisha kinatokea mbele kama hakikuondoka, mbuzi mwitu wenye pembe ndefu wakikutazama kutoka mahali ambapo hata mjusi angefikiri mara mbili, kijiji kilichohamwa katikati ya njia, na kuta mbili zinazokaribiana mpaka mbingu inabaki utepe. Yeye alikuwa amevaa viatu vya jikoni, vyenye soli laini. Kabla ya nusu ya njia vidole vilikuwa vimechubuka. Wenzake walikuwa vijana wenye njaa, wakaenda. Hawakumkosea, alisema kila mara, kila mtu alikwenda kwa mguu wake. Ila mwisho wa korongo lile hakuna barabara. Kuna ufuko wa kokoto na boti ya jioni, na boti ilikuwa imeondoka nao.

Alikuta migahawa yote imefungwa isipokuwa mmoja. Nje yake ameketi mwanamke mzee, na mezani kuna sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Walinzi wa korongo hukusanya vipande vya tiketi pale mwisho, wakawa wamemwambia kwamba yuko mmoja hajatoka. Basi hakufunga. Mpishi hakujua Kigiriki isipokuwa matusi aliyofundishwa melini, kwa hiyo alinyamaza, akaketi, akala. Alilala kwenye benchi la mgahawa na asubuhi akapanda boti ya kwanza.

Sahani ile ilikuwa na nini? Hapo ndipo hadithi ilipokuwa inavuja. Mwaka mmoja ilikuwa maharage meupe kwa nyanya. Mwaka mwingine samaki mdogo wa kukaanga. Mara moja, mbele ya wageni, ilikuwa nyama ya mbuzi yenye limau. Tulimtania bila huruma. "Mpishi, leo bibi amepika nini?" Mimi kuna wakati niliamini kwamba hajawahi kukanyaga kisiwa chochote, na nilimwambia hivyo usoni. Alicheka tu, akasema, "Basi wewe umepumzika, huna la kukumbuka."

Magharibi ya Johannesburg, ukiyapita mashamba, kuna milima ya Magaliesberg, na ndani yake kuna makorongo. Moja liko kwenye shamba la Mzungu mmoja mzee. Kila mwaka, baridi inapoanza kuachia na mvua haijaja kulijaza, Mpishi alikusanya watu, tukakodi gari, tukaenda kulitembea kutoka juu mpaka lango la chini. Watanzania, Wakongo, Mrundi mmoja wa kanisa la Mama Furaha, yeyote aliyetaka. Mzee wa shamba alisimama getini, akatutazama tunavyoingia, akaenda kutungoja chini. Hakufunga lango mpaka ametuona wote. Nadhani ndiyo maana Mpishi alilipenda shamba lile kuliko mengine yenye maporomoko makubwa zaidi.

Mara ya kwanza tulikuwa kituko. Neno safari kila mtu alilisikia kwa masikio ya kwao. Bahati, mlinzi wa usiku kutoka Uvira, alikuja na suti ya rangi ya divai na viatu vyenye ncha, vimepakwa rangi mpaka vinakuonyesha sura yako. Mpishi alikuwa na gunia la raba kuukuu kwa ajili ya watu kama hao. Bahati alilitazama gunia lile kwa masikitiko.

"Muzee, mi nilijua tunaenda piga picha," alisema.

"Utapiga. Vaa raba."

"Na hizi viatu nitaziacha wapi? Hapana. Nitatembea polepole tu."

Njiani soli ilifunguka mdomo. Alimaliza korongo amefunga viatu kwa kamba ya katani, suti imekunjwa kiunoni, na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake ameung'ata kwa meno alipovuka maji. Sote tulikuwa na mifuko hiyo. Wazungu wawili waliokuwa wakishuka na fimbo zao za kisasa walituamkia kwa heshima, wakatupita haraka.

Lakini kilichowashangaza hasa ilikuwa sufuria. Mpishi alipika pilau nyumbani, nyama ya halali ya Fordsburg ili Mwislamu na Mkristo wale bila maswali, kisha akaziba ukingo wa mfuniko kwa utepe wa unga wa ngano uliokandwa, akauacha ukauke motoni mpaka ukawa mgumu kama udongo. Sufuria ikafungwa blanketi, juu ya blanketi kanga, ikatiwa kwenye kreti ya plastiki, kreti ikapitishwa mti, watu wawili wenye nguvu wakabeba mabegani. Na hao wawili walitembea mbele kabisa. Mwaka wa kwanza alikuwa Bahati na mwenzake wa kazini, na ikabaki hivyo.

Nilimwambia hilo ni wazimu. Chakula hukaa nyuma na mwenye chakula.

"Sufuria ikikaa nyuma," alinijibu, "wa mbele watakula mikate yao, watasahau kama kuna watu. Ikitangulia, wa nyuma wanajua chakula chao kipo, na wa mbele wanajua hawana ruhusa. Kila mtu anamkumbuka mwenzake, apende asipende."

Ruhusa ilikuwa kwenye ule unga. Aliyefika mwisho ndiye aliyeokota jiwe na kuuvunja, na kabla hajafika hakuna aliyegusa mfuniko. Yeye mwenyewe alikuja nyuma ya huyo wa mwisho, lakini hakujihesabu. "Mimi si abiria," alisema. "Mimi ni mfanyakazi wa meli."

Mwaka wa pili, aliyekuwa wa mwisho ni Mama Furaha. Ni mwanamke mwenye mwili, na mawe ya korongo lile ni makubwa, ya rangi ya waridi, yamelala ovyo kama magunia yaliyoshushwa na watu wenye hasira. Sisi tulikuwa chini tunasikilizana matumbo. Bahati aliizunguka kreti mara nyingi. "Inanukia mubaya," alisema, naye alikuwa anaisifu. Mama Furaha alikuwa akisimama kila kona na kuomba radhi, na kila aliposimama Mpishi nyuma yake alitazama juu na kusema anaangalia ndege. Ndege hakuwajua hata kidogo. Tai weusi wa pale, ambao watu huja kutoka mbali na darubini kuwatazama, yeye aliwaita kunguru. Wawili hao walipotokea chini hatimaye, Mama Furaha alituona tumekaa duara na sufuria haijafunguliwa, akasimama pale kwenye changarawe, akajifunika uso kwa kitenge.

"Munaningoja miye?" alisema. "Miye tu?"

Nilimpa jiwe. Aliupiga unga kwa nguvu zote alizokosa njiani, na harufu ilipotoka tulipiga makofi kama kwenye harusi. Kuanzia siku hiyo alikuja kila mwaka, na kila mwaka aligombania kuwa wa mwisho.

Nisimfanye malaika. Mtu huyo aliyetufundisha kungoja hakuweza kungoja robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, igeuke kijani. Alivuka kwa hasira akizitukana taa. Alikuwa mgumu wa chumvi na mgumu zaidi wa kuomba radhi. Aliwahi kuninunia majuma mawili kwa kuwa nilitia ndimu kwenye wali wake mbele ya wateja. Na kuhusu nyonga alidanganya waziwazi. Ulimwona ameshika ukuta, ukamuuliza, akasema anapima kama ukuta una unyevu.

Kufikia 2019 kuta zote za uani zilikuwa zimepimwa. Daktari alisema nyonga itengenezwe, na baada ya hapo mawe basi, hata ikipona. Binti alikuja kutoka Durban, akafunga vyombo, akasema safari hii hamwachi. Mpishi hakubisha. Nilikwenda chumbani kwake nikitegemea vita, nikamkuta ameketi juu ya sanduku.

"Nitakwenda bahari," aliniambia. "Lakini kwanza nishuke korongo. Nifike chini kwa miguu yangu, mara moja ya mwisho. Baada ya hapo wanikate wanavyotaka."

Nilijua haiwezekani, na nilijua kwamba kumwambia kungekuwa kumkata kabla ya daktari. Nikamwambia sawa. Binti alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiingereza kwamba sisi wote ni wendawazimu, halafu akaniuliza avae viatu gani.

Asubuhi ile majani ya mlimani yalikuwa makavu, ya njano, na maji ya korongo yalikuwa machache na ya rangi ya chai. Sufuria ilitangulia. Mimi nilikuwa katikati, mahali pangu pa kulalamikia. Nyuma kabisa Mpishi na fimbo yake, na mbele yake hatua chache binti, ambaye kila mara nilimsikia akisema, "Baba, ngikhathele," kwamba amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa anamtafutia baba yake sababu ya kusimama. Nikaona kwamba ufundi ule wa kutazama ndege aliurithi.

Tulifika chini mchana umeelemea. Tukakaa. Kivuli cha ukuta wa mashariki kilikuwa kimeondoka zamani, sasa kile cha magharibi kilitufikia miguuni, kisha magotini. Mzee wa shamba alikuja, akatazama korongo, akatazama lango. Hatimaye akatokea binti, peke yake. Nikasimama.

"Yuko sawa," aliharakisha kusema, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisikia kinywani mwake: "Baba amekaa pale kwa mtini. Mguu umekataa. Anasema muanze kula. Anasema msingoje."

Mtini ule tuliujua, mizizi yake imeukumbatia mwamba katikati ya korongo, na juu yake kuna njia ya ng'ombe. Mzee wa shamba alisema bakki yake, ile pikapu, inaweza kufika hapo juu na watu wawili wakamsaidia kupanda. Atarudishwa barabarani, tukutane naye kwenye gari. Ulikuwa mpango mzuri. Mwenye sufuria alikuwa ametoa ruhusa kwa kinywa chake.

Bahati alipiga magoti mbele ya kreti, akaufunua ukingo wa kanga, akauona unga haujapasuka hata mahali pamoja. Akaufunika tena.

"Na jiwe tunamupa nani?" aliuliza.

Mama Furaha ndiye aliyeanza kufunga viatu alivyokuwa amevifungua, anahema tayari. Bahati na mwenzake waliweka mti mabegani, wakageukia walikotoka. Na mimi, nisiyependa kutembea hata kwenye sakafu, nilipanda mawe yale yale niliyokuwa nimeyalaani nikishuka, na kusema kweli kupanda kulikuwa kubaya zaidi.

Tulimkuta ameegemea mwamba, viatu amevua, fimbo magotini. Aliisikia kreti kabla hajatuona.

"Nani kawaambia mrudi?" aliita. "Nilisema mle. Nyinyi watu hamsikii?"

"Tunasikia, Muzee," alisema Bahati. Aliishusha sufuria mbele ya miguu yake, polepole. "Lakini ule wa mwisho hajafika. Tutafungua namna gani?"

Mpishi aliitazama sufuria yake. Alifungua kinywa, nami nikajiandaa kusikia kwamba yeye si abiria. Hakulisema. Mama Furaha alimpa jiwe. Pigo la kwanza lilikuwa dhaifu, binti akanyoosha mkono kumsaidia, akamkatalia kwa kichwa. La tatu unga ukapasuka. Pilau ilikuwa bado na uvuguvugu.

Bakki ilipofika juu kwenye njia ya ng'ombe, mzee wa shamba aliteremka kwa miguu kutuharakisha, akapewa sahani, akavua kofia, akaketi kwenye jiwe. Tulikula. Nikaamua kumchokoza Mpishi kama tulivyozoea.

"Sasa bibi wa Krete alikupa nini? Leo sema kweli, binti yako anasikia."

Alitafuna, akameza.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Sijui, mwanangu. Kila mtu ananiuliza alinipa nini, na mimi mpishi, nitawaambiaje sijui? Nikawa natunga." Alifuta vidole kwenye majani. "Nilikuwa nalia. Nimemaliza sahani nzima ya yule mama nikilia, sikuonja kitu."

Binti alimwongezea wali. Baadaye Bahati na mwenzake walimpandisha mpaka kwenye bakki, mmoja kila upande, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu Mpishi alikuwa mbele yetu, naye akageuka mara nyingi kutuangalia kama tunafuata.

Alihamia Durban kabla mwezi haujaisha. Wanasema dirisha lake linatazama bahari na kiti chake kinatazama mlango. Uani kwetu watu bado hubishana kuhusu pilau ile. Mama Furaha anasema chumvi ilipungua, Bahati anaapa kwamba haijawahi kuwa na nyama nyingi vile, na wakishindwana wananigeukia mimi niamue. Nawaacha wabishane. Mimi nilikula nikamaliza, na sikuonja kitu.